Pesa za shule zinatoka wapi, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa sheria gani?



Muhula uliopita mama mmoja alitukuta njiani na jerikani yake ya maji, mtoto anamfuata nyuma na madaftari mkononi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, saa ya masomo. Tukauliza, mtoto anaumwa? Akasema hapana, amerudishwa sababu pesa ya uji haijalipwa. Halafu akatuuliza: "Walimu, si mlisema shule ya serikali ni bure?" Tulinyamaza kidogo. Swali lake ni fupi lakini jibu ni refu, na tumeona afadhali tuliandike hapa ili kila familia ilisome.

Wengi wetu tulivuka mpaka kutoka Congo tangu mwaka 2013, na tulikuja na mazoea ya kule. Kwetu Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni bure. Lakini mpaka mwaka 2019, serikali ilipoanza kutekeleza, wazazi ndio waliobeba shule mgongoni: minerval, prime ya mwalimu, na mengine. Asiyelipa alifukuzwa, na hakuna aliyeshangaa. Ndiyo maana hapa Uganda mtoto akirudishwa, sisi wazazi tunainamisha kichwa na kutafuta pesa. Hatuulizi.

Sasa tuangalie sheria za hapa. Elimu ya msingi kwa wote, ambayo watu wanaiita UPE, ilianza Januari 1997. Mwanzoni ilikuwa kwa watoto wanne wa kila familia, baadaye ikawa kwa wote. Watoto shuleni wakaongezeka kwa mwaka mmoja kutoka kama milioni 3 kupita milioni 5. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Elimu. Katika sheria hiyo kama ilivyopitishwa, kifungu cha 9 kinakataza mtu yeyote kutoza ada ya masomo katika shule ya serikali inayofuata UPE. Shule inaruhusiwa kupokea michango ya hiari kwa jambo la dharura. Lakini kifungu hicho hicho kinasema mtoto asikataliwe wala asirudishwe nyumbani kwa sababu mchango huo haukulipwa.

Na sisi wakimbizi? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, kifungu cha 29, inasema kwa elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawasawa na raia. Sekondari haimo katika usawa huo, huko tunahesabiwa kama wageni wengine. Lakini kwa shule ya msingi, mtoto wako na mtoto wa jirani yako Mkakwa wa hapa ni sawa mbele ya mwalimu mkuu.

Lakini tuseme ukweli wote, siyo nusu. Sheria hiyo ya 2008 inampa mzazi kazi pia: kumwandikisha mtoto, kumlisha, kumvika, kumtibu. Chakula cha mchana siyo mzigo wa serikali. Na pesa ambazo serikali inapeleka shuleni ni kidogo. UPE ilipoanza, kiwango kilikuwa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa mtoto wa P.1 hadi P.3, na 8,100 kwa mtoto wa P.4 hadi P.7. Tupige hesabu. Shule ya watoto 600, nusu madarasa ya chini na nusu ya juu, ilipata 3,930,000 kwa mwaka, yaani 1,310,000 kwa muhula. Kwa hiyo unanunua chaki, unatengeneza dawati na mlango, unapeleka watoto kwenye michezo. Mshahara wa mwalimu wa serikali unatoka pengine. Kiwango kimepandishwa tangu wakati ule, lakini bei za sokoni nazo hazikukaa. Mwalimu mkuu anayeomba mchango si lazima awe mwizi. Mara nyingi mfuko wake umekauka kweli.

Pia kuna shule ambazo mashirika yalijenga na serikali bado haijazichukua. Hizo hazipati pesa za UPE. Mwaka 2018 serikali ilitoa mpango wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji katika wilaya 12, Koboko ikiwemo. Mpango ulihitaji kama dola milioni 395 kwa miaka mitatu na nusu. Pesa za namna hiyo zinategemea wafadhili, na mfadhili akichoka, darasa ndilo linaumia kwanza.

Basi mzazi afanye nini? Hapa kuna habari moja tunaipenda sana. Watafiti walichunguza shule 250 za msingi za Uganda. Wakakuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilitoa kwa matumizi ya shule, wastani wa shilingi 13 tu ndizo zilifika. Shule nyingi hazikuona hata senti. Nyingine zote ziliishia wilayani. Ndipo serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kila wilaya imepelekewa kiasi gani, na shule zikaambiwa zibandike ukutani pesa zilizopokelewa. Kufika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika shuleni. Walimu wakuu waliokuwa karibu na magazeti walijua haki yao, na shule zao zilipata zaidi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunawaomba mambo haya:

1. Mwandikishe mtoto mapema. Pesa zinahesabiwa kwa idadi ya watoto waliosajiliwa. Mtoto asiye kwenye rejista haleti hata kipande cha chaki.

2. Ukifika shuleni, soma ubao wa matangazo. Uliza kwa upole: muhula huu tumepata ngapi, zimefanya nini? Asiyejua Kiingereza aende na mtoto wake mkubwa amsomee.

3. Hudhuria mkutano wa wazazi. Mchango unapangwa pale. Kama hauwezi pesa, sema pale pale, uliza kama watapokea mahindi, kuni au kazi ya mikono. Ukikaa nyumbani, wengine watapanga kwa niaba yako.

4. Mtoto akirudishwa, usimfiche nyumbani. Mrudishe siku hiyo hiyo, umwone mwalimu mkuu. Ikishindikana, nenda kamati ya shule, halafu mwenyekiti wenu wa RWC, halafu ofisi ya elimu ya wilaya, Koboko mjini. Nenda na heshima, siyo na kelele.

5. Anayeweza kulipa mchango wa uji, alipe. Watoto wenye njaa hatuwezi kuwafundisha, tumejaribu.

Yule mama tulirudi naye shuleni asubuhi ile ile. Tulizungumza na mwalimu mkuu chini ya mwembe, bila ugomvi. Mtoto akaingia darasani kabla ya mapumziko, na mama akakubaliwa kuleta kuni kila Ijumaa mpaka mwisho wa muhula. Alipoondoka alituambia neno moja: "Kumbe mngetuambia zamani."

Mama, tusamehe. Ndiyo tumewaambia sasa.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.