Hukumu ya Sikio: Riwaya za Vita Zinaposomwa kwa Sauti

Kitabu cha sauti, yaani kitabu kilichosomwa na kurekodiwa ili kisikilizwe, kilianza kama huduma kwa wasioona, na nchini Uingereza waliokipigania ni pamoja na askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza, akiwamo Ian Fraser, aliyepoteza macho katika mapigano ya Somme mwaka 1916. Santuri za kwanza zilitolewa mwaka 1935, na kimojawapo cha vitabu vya mwanzo kilikuwa Typhoon, hadithi ya Joseph Conrad kuhusu meli iliyokumbwa na dhoruba. Masimulizi ya bahari na vita yameendelea kuwa na wasikilizaji waaminifu, ambao pia ni wakali wa kuhukumu.

Ukali huo hudhihirika zaidi katika mjadala kuhusu riwaya 20 za Patrick O'Brian, zilizochapishwa kati ya 1969 na 1999, zinazomfuata Jack Aubrey, nahodha wa jeshi la majini la Uingereza wakati wa vita dhidi ya Napoleon, pamoja na rafiki yake Stephen Maturin, daktari wa meli ambaye pia ni jasusi. Wanaompenda msomaji Patrick Tull husifu sauti yake nzito, isiyo na haraka, kama ya baharia mstaafu. Wasiompenda hulalamika kwamba anakokota maneno. Wanaomtetea msomaji mwingine, Simon Vance, husema matamshi yake ni safi na kila mhusika hutambulika mara anapofungua kinywa, ilhali wapinzani wao huuona usafi huo kuwa umepunguza chumvi ya bahari. Ugomvi mkubwa humhusu Maturin, ambaye damu yake ni nusu ya Ireland na nusu ya Catalonia, kwa kuwa anayesoma kwa macho humpa lafudhi aitakayo, lakini msomaji wa sauti hana budi kuchagua moja, na msikilizaji akishaizoea, nyingine yoyote huiona ya bandia.

Lipo pia tatizo la istilahi. O'Brian hutaja foromali, yaani miti ya kutundikia matanga, kamba zake na namna ya kubisha, yaani kugeuza chombo dhidi ya upepo, wala hasimami kueleza kila mara. Jicho huweza kurudi nyuma, sikio haliwezi kwa urahisi. Kinachomwokoa msikilizaji ni kwamba Maturin mwenyewe hajui mambo ya meli, hivyo mabaharia humfafanulia. Mapigano nayo humpima msomaji wa sauti. Katika riwaya ya kwanza, meli ndogo ya Aubrey inaishinda meli kubwa ya Kihispania, Cacafuego, tukio lililotokana na ushindi wa kweli wa mwaka 1801, wakati nahodha wa Uingereza Thomas Cochrane na watu 54 wa meli yake Speedy, yenye mizinga 14, walipoiteka meli ya Kihispania El Gamo iliyokuwa na mizinga 32 na watu zaidi ya 300. Katika tukio kama hilo, msomaji anayepiga kelele huharibu. Anayeshusha sauti na kuziacha sentensi fupi zifanye kazi ndiye anayefaulu.

Vitabu vya historia halisi ya kijeshi vina dosari nyingine, nayo ni ukosefu wa ramani, kwa sababu majina ya vijiji na vikosi yakipita mfululizo, hata msikilizaji makini hupotea. Anayetaka kununua kitabu cha sauti asikilize kwanza sampuli yake hadi wahusika wawili wazungumze, na kama ni historia ya vita, aweke ramani mezani.