TRANSFOMA YA KARAKANA ISIKAE WAZI

Umeme umefika katika vijiji vingi, na mafundi wa redio nao wameufuata. Katika karakana moja niliyotembelea nilikuta transfoma ya kuzungusha. Ni ile ambayo ukizungusha kishikio inatoa volti unazotaka, toka 0 mpaka 260 hivi. Ilikaa mezani bila kifuniko, koili ya shaba inaonekana, na mtoto anacheza karibu. Nikamwuliza fundi, "Je, huogopi?" Akajibu, "Mwalimu, nimeiweka kwenye volti 12. Volti 12 haziui."

Hapo ndipo penye kosa. Transfoma ya kawaida ina koili mbili zisizoungana. Hii ina koili moja tu, na umeme unaoingia na unaotoka unatumia koili hiyo hiyo. Basi koili ina volti 230 muda wote, hata kishikio kikiwa kwenye 12. Tena, kama laivu na nyutro zimebadilishana katika soketi, nyaya zote mbili za kutokea zitakuwa na umeme mkali. Fikiria ngazi iliyosimamishwa juu ya paa. Toka kidato hadi kidato ni hatua moja, lakini ukianguka unafika chini!

Sanduku huzuia mikono isifike kwenye koili. Waya wa kutokea unabaki na hatari yake, kwa hiyo chomoa plagi kabla ya kushika redio unayotengeneza.

Tumia bati nene. Acha nafasi ya vidole vitatu kila upande, maana transfoma hupata joto. Toboa tundu za hewa ubavuni, chini na juu, ziwe ndogo kuliko kidole cha mtoto. Kwenye kifuniko usitoboe, nati zitaangukia ndani. Miguu kata kwenye kandambili kuukuu. Kishikio kiwe cha plastiki.

Sasa sikiliza hili, maana mafundi wazuri hulikosea. Bolti ya katikati ifungwe upande mmoja tu wa sanduku. Ikigusa bati juu na chini pia, bolti na sanduku vinakuwa kama koili nyingine ya mzunguko mmoja uliofungwa. Umeme mwingi utapita humo, na transfoma itaungua.

Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ufunge kwenye bati kwa bolti yake yenyewe. Kwanza kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Soketi ya kutokea nayo ipate ethi.

Fyuzi je? Wengi huiweka upande wa kuingia tu. Piga hesabu. Transfoma yako ni ya ampea 5. Umeiweka kwenye volti 23, na kifaa kinavuta ampea 20. Upande wa kuingia zitapita kama ampea 2 tu. Fyuzi ya huko italala usingizi huku kaboni inaungua. Weka fyuzi ya ampea 5 upande wa kutokea pia.

Ukimaliza, usichomeke bado. Washa swichi ya sanduku, chukua mita, uiweke kwenye omu. Pima toka pini ya ethi ya plagi mpaka kwenye bati: isome karibu na sifuri. Halafu pima toka kila pini ya umeme mpaka kwenye bati: sindano isisogee kabisa. Ikisogea, fungua sanduku utafute waya unaogusa.