Pikipiki ya zamani iliyolala miaka: usihukumu injini mbele ya kufungua kabureta

Katika depo za parokia, nyuma ya vituo vya afya na kwenye nyumba za wakaaji wengi wa mashariki ya Kongo, bado kunaonekana pikipiki za zamani zilizosahauliwa: Yamaha AG 100, Yamaha DT 125 na nyingine za umri wao. Zilibeba wauguzi, wachungaji na wataalamu wa kilimo kwenye njia ambazo gari haikupita. Siku moja zilikataa kuwaka, zikasukumwa pembeni, na leo wenyewe wanawaza kuziuza kwa bei ya chuma.

Mara nyingi kifo hicho ni cha uongo. Kama buji inatoa moto na injini bado inakaza unapopiga kiki, wa kwanza kushitakiwa ni kabureta. Dawa yake si pesa nyingi, ni uvumilivu. Lakini tahadhari: kabureta iliyosafishwa vibaya inaweza kuua injini iliyokuwa nzima.

Ni nini kinaziba?

Injini inavuta hewa kupitia kabureta. Hewa ikifika mahali pembamba inaongeza mbio, msukumo wake unashuka, na hapo esansi inanyonywa kutoka kikombe cha chini. Inapitia jikleri, kipande kidogo cha shaba ya njano chenye tundu katikati. Jikleri ya mwendo wa pole ina tundu la karibu nusu milimita, wakati mwingine hata chini ya hapo. Ndiyo sababu inaziba mbele ya zote.

Esansi ikikaa miezi, sehemu yake nyepesi inapotea hewani. Inayobaki inageuka gundi ya kahawia yenye harufu ya rangi ya zamani. Maji nayo, yawe ya mvua au yaliyoingia katika chupa za kadafi barabarani, yanashuka chini ya kikombe kwani ni mazito kuliko esansi. Huko yanakula chuma na kuacha unga mweupe.

Alama moja inasaidia sana: pikipiki ikiwaka ukivuta starteri, halafu inazimika ukiirudisha, karibu kila mara jikleri ndogo ndiyo imeziba.

Kufungua bila kuharibu

Anza na tangi. Mwaga esansi yote ya zamani katika chombo, si chini wala ziwani, na uangalie kutu ndani. Tangi chafu litaziba tena kabureta katika siku chache, na watu watasema fundi hajui kazi. Angalia pia sponji ya filtri ya hewa. Ikizeeka inavunjika kama mkate mkavu, na vipande vyake vinaingia ndani.

Visi za pikipiki za Kijapani zina kichwa cha msalaba, lakini msalaba huo hauko sawasawa na wa turnevisi nyingi za sokoni. Turnevisi isiyokaa vizuri inateleza na kula kichwa. Weka mafuta, ngojea, tafuta turnevisi inayojaa msalaba wote, kisha sukuma kwa nguvu huku ukizungusha polepole.

Mbele ya kutoa visi ya hewa, ifunge taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko. Andika hesabu hiyo. Angalia pia klipsi ya sindano iko kwenye mfuo wa ngapi kutoka juu. Piga picha kwa simu kila hatua. Asiyeandika atakisia wakati wa kurudisha.

Waya ni adui

Kosa linaloharibu kabureta nyingi ni kuchokoa jikleri kwa waya wa chuma au sindano ya kushonea. Shaba ni laini: ukikwangua kidogo, tundu linapanuka na kipimo kinapotea kabisa. Toa kwanza mipira yote, kwani dawa kali inaivimbisha. Loweka vipande katika dawa ya kabureta au esansi mpya, kisha pulizia hewa ya kompresa. Kwado wa karibu anayo. Funika macho, kwani dawa inaweza kukurudia usoni. Kama uchafu umegoma, tumia unywele wa burashi ya nailoni. Inua jikleri kwenye mwanga: tundu lazima lionekane la mviringo na safi. Pulizia pia vijia vyote vya ndani ya mwili wa kabureta, si jikleri peke yake.

Kazi hii isifanyike karibu na babula, sigara au ndani ya chumba kilichofungwa. Mvuke wa esansi hauonekani, lakini moto unaufuata hadi kwenye chombo.

Chunguza floteri. Kama ni ya shaba, itikise sikioni: ukisikia majimaji, imetoboka. Ncha ya sindano yake ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, ibadilishe, la sivyo esansi itafurika.

Hatari kubwa iko hapa

AG 100 na DT 125 za zamani ni za mapigo mawili. Oili ya ndani inaingia pamoja na esansi, kupitia pompa ambayo Yamaha iliita Autolube. Kama jikleri imeziba nusu, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka, hewa inazidi, esansi inapunguka, joto linapanda, na pistoni inaweza kukwama. Tena, pompa iliyolala miaka inaweza kuwa na hewa ndani yake. Mafundi waangalifu wanachanganya oili katika esansi ya tangi la kwanza, hadi wahakikishe pompa inafanya kazi.

Baada ya kuzungusha injini kidogo, soma buji. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye masizi inaonyesha esansi imezidi. Nyeupe ni onyo: simamisha pikipiki.

Kumbuka pia mwinuko. Goma iko juu ya mita 1,400, lakini Kisangani iko karibu na mita 400. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo pikipiki iliyopimwa kule chini inaweza kutoa moshi mweusi ikifika hapa bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kinga ni rahisi kuliko dawa

Kama pikipiki itakaa zaidi ya mwezi, funga robine ya esansi na ufungue visi ya chini ya kikombe hadi kikauke. Ni kazi ya dakika mbili. Kituo cha afya chenye pikipiki moja tu kikiifanya, siku ya chanjo muuguzi hatatembea kwa miguu.