Redio Ikizimwa, Mazungumzo Yaanze

Katika nyumba nyingi redio huamka mapema kuliko watoto. Hutoa taarifa ya habari chai ikichemka, huleta muziki tukiosha vyombo, husoma matangazo ya vifo mchana, hufundisha malezi na mapishi jioni, na usiku baba huivuta karibu asikilize mpira. Siku hizi huenda redio hiyo imo ndani ya simu ya mkononi, lakini kazi yake ni ile ile. Ni mgeni anayekaa nasi kuliko wageni wote, tena mgeni ambaye hakuna anayemwuliza ametoka wapi.

Akina mama wenzetu wengi hutuuliza: mgeni huyu anatujenga au anatubomoa? Wapo wanaosema redio imewaharibu vijana. Wapo wanaosema bila redio wasingejua hata tarehe ya chanjo ya mtoto. Tukitazama mambo yaliyotokea katika nchi zetu, tunaona kwamba pande zote mbili zina ukweli, na kwamba tofauti huletwa zaidi na yale yanayofanyika redio ikishazimwa.

Wimbo hufungua mlango

Habari, nyimbo, mzaha na mashauri havikuchanganywa kwa bahati. Wimbo humfanya msikilizaji asiondoke, kicheko humfanya alegee, na shauri huingia moyo ukiwa umetulia. Bibi zetu walilijua hilo kabla ya mitambo kufika. Ndiyo maana walifundisha kwa hadithi na vitendawili, wala hawakutuhutubia.

Wakenya wanamkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025. Kipindi chake cha "Je, Huu ni Uungwana?" kilianza mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ikawa KBC. Kilizungumzia tabia za kila siku, zile zinazofanya jirani amchoke jirani. Tuangalie jina lake: ni swali. Swali humpa msikilizaji kazi ya kufanya, na mara nyingi kazi hiyo hufanyika mezani, pamoja na mume na watoto.

Walisikiliza, wakajadiliana, wakachimba

Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni kubwa ya afya iliyoitwa "Mtu ni Afya". Redio ilieleza jinsi ya kuzuia malaria, kichocho, minyoo na kuhara. Wenye redio walikuwa wachache wakati huo, hivyo watu walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza. Inakadiriwa kuwa watu milioni 2 hivi walishiriki, katika vikundi karibu 75,000.

Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa na watu wakaanza kuulizana: Je, ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unaletwa na nini? Tufanye nini sisi wenyewe? Walipokubaliana walikwenda kufanya kazi. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba.

Mtu angeweza kusikia habari ya choo mara mia moja peke yake asishike jembe. Lakini akishasema mbele ya majirani, "Jumamosi nachimba," neno lake linamdai. Redio ilileta ujumbe, na nguvu ya kuutenda ikatoka kwa watu waliokaa pamoja wakazungumza.

Ya Tunu yanasemeka

Lipo jambo gumu kulizungumza kuliko choo, nalo ni la ndoa. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa "Twende na Wakati". Ulikuwa na mtu aitwaye Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake njiani. Mkewe, Tunu, aliteseka nyumbani na watoto, hadi aliposimama imara na kuanza biashara ndogo ili ajitegemee. Mkwaju aliambukizwa UKIMWI. Wakati ule dawa za kufubaza virusi zinazowawezesha watu kuishi na kulea watoto wao leo hazikuwapo, na neno lenyewe lilitamkwa kwa kunong'ona.

Mchezo huo haukurushwa Dodoma hadi mwaka 1995. Kituo cha huko kiliendelea na vipindi vyake, na kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha wakazi wa mkoa huo na watu wa mikoa mingine. Waliona kuwa mahali mchezo uliposikika, wake na waume walizungumza zaidi juu ya kupanga uzazi, na wengi zaidi wakaanza kuupanga. Waliona pia kuwa wasikilizaji walipunguza idadi ya wapenzi.

Kwa nini mchezo wa redio uliweza kufanya hivyo? Sisi tunaotoka katika nyumba hizi hizi tunajua. Mama anayeogopa kumwuliza mumewe, "Ulilala wapi juzi?" anaweza kusema kwa upole, "Baba Neema, huyu Mkwaju unamwonaje?" Mume naye, ambaye angekuja juu kama angeulizwa habari zake, humhukumu Mkwaju kwa sauti kubwa, na kwa kumhukumu Mkwaju anajisikia mwenyewe. Binti asiyethubutu kumwuliza mama yake habari za mwili wake huuliza habari za msichana wa kwenye mchezo. Ya kwetu hayasemeki, lakini ya Tunu yanasemeka. Mlango ukishafunguka hivyo, ya kwetu nayo hupata njia.

Hata hivyo tuseme wazi. Kama swali dogo la namna hiyo huleta kipigo, hapo tatizo si la kumalizwa kwa mazungumzo ya jioni. Mama wa nyumba hiyo asikae peke yake. Awaone wazazi, wazee au viongozi wake wa dini anaowaamini. Nchini Tanzania yapo pia madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na kwenda huko si aibu.

Wimbo ule ule, sumu ndani

Mwezi ule ule wa Julai 1993, jirani zetu wa Rwanda walipata kituo kipya cha redio kilichoitwa RTLM. Vijana walikipenda. Kilipiga muziki uliovuma, watangazaji wake walitania na kucheka kama watu walio barazani, na wasikilizaji walipiga simu. Katikati ya nyimbo na vicheko hivyo waliingiza chuki dhidi ya Watutsi, kidogo kidogo, hadi ikazoeleka masikioni. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, kituo hicho kiliwachochea wauaji na hata kutaja majina ya watu na mahali walipo. Mamia ya maelfu ya watu waliuawa kwa muda wa siku 100 hivi.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari mwaka 2003, wawili kati yao wakiwa waanzilishi wa kituo hicho. Rufani ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini wote watatu walibaki na hatia.

Mchanganyiko ulikuwa ule ule: muziki, mzaha, habari na mashauri. Wala chuki haikuanzia redioni tu. Ilikuwa na mizizi mirefu. Lakini redio iliifanya ionekane jambo la kawaida, ambalo kila mtu analisema na hakuna wa kulipinga.

Tangu mwaka 2004 Rwanda imesikiliza mchezo mwingine, "Musekeweya", maana yake alfajiri mpya, unaohusu vijiji viwili vyenye uhasama. Watafiti waliwapa watu wa vijiji fulani nafasi ya kuusikiliza pamoja kwa mwaka mmoja, na vijiji vingine vikasikiliza mchezo wa afya. Mwishoni kila kundi lilipewa redio ya kaseti liitumie kwa pamoja. Katika vijiji vya mchezo wa afya, mtu aliposema redio itunzwe na kiongozi wa mahali pale, wenzake walikubali bila neno. Katika vijiji vya "Musekeweya" mara nyingi mtu alisimama akasema, "Hapana, sisi ndio tuliosikiliza, na tuitunze sisi." Imani za watu moyoni zilikuwa hazijabadilika sana, lakini walikuwa wamejifunza kusema wazi pale wasipokubaliana na mwenzao. Nchi iliyoona maafa kwa sababu wengi walinyamaza, hilo si jambo dogo.

Tufanye nini nyumbani kwetu?

Hatuwezi kusikiliza kila neno linaloingia masikioni mwa watoto, hasa sasa ambapo kila mmoja ana simu yake. Lakini tunaweza kuyafanya haya:

*Tuchague kipindi kimoja kwa juma cha kusikiliza pamoja.* Kiwe kimoja tu, ili tukiweze. Baba naye apewe zamu ya kuchagua.

*Tuzime, kisha tuulizane.* Maswali matatu yanatosha: Nani amesema? Amejuaje? Ingekuwa ni sisi, tungefanyaje? Mtoto mdogo aanze kujibu, maana mkubwa akitangulia mdogo hurudia tu.

*Tusiwafukuze watoto mambo magumu yakitajwa.* Mtoto aliyefukuzwa atakwenda kumalizia habari hiyo mahali pengine, kwa mwalimu tusiyemchagua. Tumjibu kwa kadiri ya umri wake.

*Mashauri ya dawa tuyapeleke zahanati kwanza.* Tangazo lenye wimbo mzuri si cheti cha daktari. Dawa iliyosifiwa hewani isimfikie mtoto kabla mhudumu wa afya hajaulizwa.

*Ujumbe wa chuki uishie kwetu.* Leo kila simu ni kituo kidogo cha redio. Sauti inayotukana kabila au dini ya watu, hata kama inachekesha, tusiitume mbele. Tena tusinyamaze tu. Tumwambie aliyetuletea, kwa heshima, kwamba hatukubaliani naye. Watoto wakitusikia tukisema hivyo mara moja, watajua kwamba inawezekana kusema.

*Vikundi vyetu tuvitumie.* Akina mama wanaokutana kila juma kwa kuweka na kukopa, au kwa sala, wanaweza kutenga nusu saa ya kusikiliza kipindi cha afya au malezi na kukijadili. Wale wa mwaka 1973 walianza na redio moja na kitabu kimoja.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha. Linalohitajika ni mtu wa kunyosha mkono, kuzima redio wakati bado maneno yana joto, na kuuliza, "Haya, ninyi mnaonaje?" Kisha awe tayari kukaa akasikiliza jibu, hata likiwa si lile alilolitarajia.