Jumamosi za Hitler (3)

Wiki iliyopita tulimwacha Hitler ndiyo kwanza amekuwa kansela, na Mkataba wa Versailles ukimruhusu askari 100,000 tu, bila vifaru wala ndege za vita. Vipi mwenye jeshi dogo hivyo aliwachezesha wakubwa wa Ulaya?

Mwenye kalenda ya zamani na aifungue. Ujerumani ilitangaza kujitoa katika Shirikisho la Mataifa tarehe 14 Oktoba 1933, siku ya Jumamosi. Ilirudisha sheria ya kuwaita vijana jeshini tarehe 16 Machi 1935: Jumamosi tena. Mawaziri wa London mwisho wa juma huwa mashambani kwao, na hadi wakusanyike Jumatatu, habari imeshakuwa ya juzi.

Jumamosi iliyokuwa ya hatari kuliko zote kwake ni ya 7 Machi 1936. Siku hiyo askari wake waliingia Rhineland, ukanda wa magharibi uliopakana na Ufaransa na Ubelgiji, ambako hawakuruhusiwa kukanyaga. Katazo hilo halikuwa la Versailles peke yake. Ujerumani ililikubali upya, tena kwa hiari yake, huko Locarno mwaka 1925. Waliovuka mto Rhine wenyewe walikuwa batalioni tatu tu. Ufaransa ilikuwa na nguvu za kuwafurusha, lakini serikali yake ilikuwa ya mpito, uchaguzi uko mlangoni. Ikaingoja Uingereza. Uingereza haikuona sababu ya kupigana kwa Mjerumani kuingia nyumbani kwake. Baadaye Hitler mwenyewe alikiri kwamba saa 48 zile zilimtoa jasho kuliko wakati wowote, kwani Wafaransa wangesogea, angerudi nyuma kwa aibu. Na siku ileile alikuwa akiwapa Wafaransa na Wabelgiji mkataba wa amani wa miaka 25! Kofi na pole kwa mkono mmoja.

Sisi wa Tanganyika tulikuwamo katika hesabu hizi, ingawa hakuna aliyetuuliza. Hitler alidai hadharani kurudishiwa makoloni, na Waingereza wakadhani hapo ndipo penye njaa yake. Tarehe 3 Machi 1938 balozi wao mjini Berlin, Nevile Henderson, alimpelekea pendekezo la kupewa sehemu katika utawala wa Afrika ya kati. Hakulichangamkia. Macho yake yalikuwa mashariki mwa Ulaya, kama alivyokwisha kuandika katika kitabu chake tangu miaka ya 1920. Afrika ilikuwa chambo cha mazungumzo.

Siku tisa baadaye majeshi yake yaliingia Austria. Kansela Schuschnigg alikuwa ameitisha kura ya maoni Jumapili, 13 Machi, wananchi waseme kama wanataka kubaki huru. Hitler alimwahi kwa siku moja.

Wiki ijayo tutafika Munich, kwenye mkutano uliokata nchi ya Wacheki bila Wacheki wenyewe kuruhusiwa kuketi.