Presi ya Kubadilishia Beringi Nyumbani: Tazama Fremu Kabla ya Tani



Wengi wetu tunaoishi Niboye, hapa Kicukiro, tunaendesha magari yaliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika Kigali. Barabara kuu zina lami nzuri, lakini kutoka hapo hadi mlangoni kwa mtu mara nyingi ni mawe yaliyopangwa au udongo mwekundu, na mvua za Machi hadi Mei huchimba mashimo ambayo gurudumu huyaingia kwa kishindo. Beringi ya gurudumu ndiyo inayopokea kishindo hicho. Ikichoka, gari huanza kunguruma kama ndege iliyo mbali, na ngurumo huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Ukikata kona kushoto na sauti ikazidi, mara nyingi beringi mbovu ni ya kulia, kwa sababu uzito umehamia huko.

Kwa desturi kazi hii hupelekwa Gatsata, upande wa pili wa jiji, kwenye gereji na maduka ya vipuri. Siku ya kazi inapotea, na mwenye gari anadai hesabu yake kama kawaida. Ndiyo maana wanachama kadhaa wameuliza: je, haifai tununue presi yetu wenyewe, tuiweke nyumbani? Swali hili ni la haki, na jibu lake linategemea gari lako na idadi ya watu watakaoitumia mashine hiyo.

Kwanza yafaa kujua kama unahitaji presi hata kidogo. Magari mengi ya siku hizi yana beringi iliyounganishwa na habu yake, ikafungwa kwa bolti tatu au nne. Hiyo hufunguliwa kwa spana, na presi haina kazi hapo. Pikapu nyingi za zamani zinazoendeshwa na magurudumu ya nyuma zina, mbele, beringi za koni zinazopakwa grisi. Pete zake za nje hutolewa kwa kipande cha shaba na nyundo, taratibu, kwa kuzunguka. Presi inahitajika pale beringi iliposhindiliwa ndani ya ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu, yaani chuma kinachoshikwa na bolijointi chini na shokamzoba juu, na habu nayo ikashindiliwa ndani ya beringi. Corolla za miaka ya 1990, ambazo bado zinatumika, ziko hivyo mbele. Lala chini ya gari utazame kabla ya kutoa fedha.

Sasa tuje kwenye presi yenyewe. Ni fremu ya chuma yenye nguzo mbili, boriti juu, meza katikati, na jeki ya mafuta inayosukuma kwenda chini. Ukisukuma mkono wa jeki, pistoni ndogo hubana mafuta, na mafuta hayo huisukuma pistoni kubwa kwa nguvu nyingi zaidi. Presi ya tani 20 ikifika mwisho wake, ni kana kwamba umepanga Corolla karibu ishirini juu ya kipande kimoja cha chuma. Jambo hilo tulikumbuke, maana mtu huisahau nguvu hiyo kwa kuwa anaipata kwa mkono mmoja bila jasho.

Madukani utakuta za tani 6, 10, 12, 20 na kuendelea. Ya tani 6 ni kwa bushi na vitu vidogo. Ya tani 12 hutosha beringi nyingi za gari dogo zikiwa safi, lakini beringi iliyokaa miaka kumi ndani ya kutu hukataa, na hapo mtu huanza kuongeza bomba kwenye mkono wa jeki. Huo ndio mwanzo wa ajali. Kwa sababu hiyo, kwa maoni yangu, anayenunua mara moja anunue ya tani 20. Si kwamba utazitumia zote. Ni kwamba jeki inayofanya kazi kwa nusu ya nguvu zake haimtishi mtu.

Lakini namba iliyopakwa rangi si ushahidi. Nimeona presi iliyoandikwa 20 ambayo jeki yake kweli ilikuwa ya tani 20, na fremu ilikuwa ya tani 12 iliyobadilishiwa jeki. Meza yake ilikuwa imepinda katikati kama kitanda cha kamba. Kwa hiyo ukaguzi uanzie kwenye fremu. Tazama kila mahali palipochomelewa: ufa mwembamba chini ya rangi mpya ni sababu ya kuondoka dukani. Weka rula ya chuma juu ya meza uone kama mwanga unapita. Tazama matundu ya pini zinazoshikilia meza. Yakiwa yamerefuka kama yai, mashine hiyo imebebeshwa kupita kiasi. Pima upana kati ya nguzo ukiwa na mkono wa gurudumu wa gari lako, si kwa macho, kwani chuma hicho kina pembe nyingi na presi nyembamba hukilazimisha kukaa upande. Hapo fremu yenye umbo la herufi H, ambayo meza yake hupanda na kushuka, ni bora kuliko ile yenye umbo la A.

Kwa presi iliyokwisha kutumika, bana kipande cha chuma kizima, uiache dakika chache. Kama ina geji, mshale usishuke. Pistoni ikiwa na mikwaruzo, au mafuta yakilia shingoni mwake, jeki inadai sili mpya. Hilo si kosa la kukataza kununua. Ni la kupunguza bei.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni vipande vya kuegemezea. Presi huja na vipande viwili vizito, na vingi ni vya chuma cha kusubu. Chuma hicho ni kigumu lakini hakipindi, kikizidiwa hupasuka. Nilikuwapo siku kimoja kilipopasuka uani kwa jirani. Kipande kilitoboa mlango wa mabati, mahali ambapo kijana anayejifunza kazi alikuwa amesimama muda mfupi kabla. Tangu siku hiyo sikubali vipande vya kusubu. Mchomeleaji atakukatia vya chuma cha pua, vinene, na hiyo fedha uihesabu pamoja na bei ya presi. Hesabu pia seti ya vikombe na visahani vya kusukumia vyenye vipimo mbalimbali, maana bila hivyo presi nzuri itaharibu beringi mpya.

Hapa ndipo wengi hukosea, na ni vyema nieleze kwa kirefu. Beringi ina pete ya nje, pete ya ndani, na gololi kati yake. Unaposhindilia beringi ndani ya mkono wa gurudumu, kisahani chako kiguse pete ya nje tu. Unaposhindilia habu ndani ya beringi, pete ya ndani iwe imeegemezwa chini kwa kikombe cha saizi yake. Ukikosea, nguvu yote hupita katika gololi, nazo huchimba vidimbwi visivyoonekana kwa macho. Gari litatoka kimya, ukashukuru, kisha baada ya wiki chache ngurumo inarudi na lawama anabeba muuza vipuri. Nyundo hufanya uharibifu huo huo kwa haraka zaidi. Kama beringi ina upande wenye sumaku ya sensa ya breki, upande huo utazame sensa. Ukiugeuza, taa itawaka na kazi itarudiwa kwa beringi nyingine mpya. Kuilaza beringi kwenye friji usiku mmoja husaidia iingie kwa urahisi, ingawa mama watoto ana haki ya kuuliza imefuata nini huko.

Ndugu, usalama si nyongeza. Vaa miwani ya kukinga macho, simama kando na si mbele, na mkono usishike kitu chochote kilicho chini ya pistoni. Kutu inapoachia hutoa mlio kama risasi. Mwenye kijana wa kumsaidia akumbuke kwamba Sheria ya Kazi ya Rwanda Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inawagusa hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika mambo ya afya na usalama kazini. Ua wa nyumba yako ni mahali pa kazi.

Je, basi ununue? Mwenye gari moja ambaye atabadilisha beringi mbili kwa miaka kadhaa asinunue. Atoe mkono wa gurudumu mwenyewe, aufunge kwenye gunia, aupeleke kwa mwenye presi alipie kushindilia tu. Au anunue seti ya bolti ndefu yenye vikombe, ambayo huvuta beringi ikiwa bado kwenye gari. Ni ya polepole na inachosha mabega, lakini inaingia chini ya kitanda.

Madereva sita au wanane wa mtaa mmoja, walio na kimina chao cha kuweka akiba, hao presi ya tani 20 inawafaa. Ifungwe kwa bolti kwenye sakafu ya saruji, kwani fremu ndefu huanguka. Kabla ya kununua, waandike kwenye daftari la kimina nani anashika ufunguo, nani anaruhusiwa kuitumia akiwa peke yake, na sili ya jeki ikikatika italipwa kutoka mfuko gani.