Deni la Moshi na Mashamba ya Kamina

Mtu akitoka Kamina mjini kwa baiskeli, hataenda mbali kabla ya kukutana na magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya njia. Wenyeji huyaita makala. Ndiyo riziki ya nyumba nyingi: kwa makala mama hupika bukari, na kwa makala baba hupata karo ya watoto. Lakini kila gunia limetoka katika msitu wa miombo, na msitu huo wazidi kusogea mbali na mji. Watu hawakati miti kwa ubaya wa moyo. Hukata kwa sababu hawana kitu kingine cha kupikia. Katika nchi yote ya Kongo, kwa kila watu watano, ni mmoja tu hivi aliye na umeme nyumbani.

Basi tuulize: ni nani atakayemsaidia mtu wa kijijini apate riziki nyingine, ili mti ubaki umesimama? Swali hili dogo ndilo wakuu wa mataifa wanalolijadili kila mwaka, wakiliita jambo la fedha za tabianchi. Yafaa wazazi na wanafunzi walielewe, kwani latuhusu sana.

Asili ya deni

Makaa ya mawe na mafuta ya petroli yakichomwa hutoa hewa ya kaboni. Hewa hiyo hukaa angani miaka mingi sana, ikizuia joto la dunia lisitoke, mfano wa blanketi juu ya mtu aliyelala. Nchi za Ulaya na Marekani zimechoma kwa wingi kwa muda wa zaidi ya miaka 150, na kwa moshi huo zikatajirika. Bara zima la Afrika hutoa chini ya sehemu 5 katika kila sehemu 100 za hewa hiyo itolewayo kwa mwaka.

Hata hivyo madhara hayachagui mlango. Mwezi wa Mei 2023, mafuriko ya Kalehe, katika Kivu Kusini, yaliua watu zaidi ya 400. Si rahisi kusema kwamba mvua fulani imeletwa na moshi peke yake. Lakini wataalamu wamehakikisha kwamba hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, na kwa hiyo mvua kubwa huzidi ukali. Wavuvi na wakulima wa Bukama na Malemba-Nkulu, wakaao katika mabonde ya mto Lualaba, hawahitaji kuelezwa maana ya neno hilo.

Ahadi za mataifa

Mwaka 1992, katika mkutano wa Rio de Janeiro, nchi tajiri zilikubali kuzisaidia nchi maskini katika jambo hili. Mwaka 2009, mjini Copenhagen, zilitaja kiasi: dola bilioni 100 kila mwaka, kufikia mwaka 2020. Mwaka huo ulipofika, kwa hesabu ya shirika la OECD, zilipatikana bilioni 83.3. Ahadi ilitimia mwaka 2022, kwa bilioni 115.9, yaani miaka miwili baada ya siku iliyowekwa.

Mwezi wa Novemba 2024, mjini Baku, waliahidi angalau bilioni 300 kila mwaka kufikia 2035. Nchi maskini zilikuwa zimedai bilioni 1,300. Kiasi hicho nacho kilitiwa katika hati, lakini kama shabaha ya wote pamoja, wafanyabiashara wakiwemo, bila ya kumfunga yeyote.

Zawadi au mkopo?

Hapa msomaji aangalie vizuri. Zaidi ya nusu ya fedha zitolewazo na serikali na benki za maendeleo huja kwa njia ya mkopo. Mtu aliyebomolewa ukuta na jirani yake hakopeshwi matofali kwa riba!

Mkopo una mahali pake. Mtambo wa umeme wa jua gharama yake karibu yote hulipwa mwanzoni, kisha jua lenyewe halina bei. Mkopo wa riba ndogo waweza kuujenga, na wanunuzi wa umeme wakaulipa polepole. Lakini mwenye mali akiogopa vita, njia mbovu na sheria zisizotulia, hudai riba kubwa, na umeme uleule hugeuka kuwa ghali kuliko makala.

Kuna kazi nyingine zisizo na faida ya kuuzwa: kuinua tuta la mto, kutafuta mbegu za mahindi zivumiliazo ukame, kuwaonya watu kabla ya mafuriko. Hapo mkopo haufai, ila msaada. Nazo ndizo zilizopata kidogo: mwaka 2022, katika zile bilioni 115.9, zilipewa bilioni 32.4 tu.

Kongo imepata nini?

Mwaka 2018 serikali ya Kongo ilitia sahihi mapatano na Benki ya Dunia juu ya misitu ya Mai-Ndombe: hadi dola milioni 55 kwa tani milioni 11 za kaboni zitakazozuiwa, yaani dola 5 kwa tani. Mwaka 2021, katika mkutano wa Glasgow, mfuko wa CAFI uliahidi dola milioni 500 kwa miaka 5 ya kwanza ya mapatano mapya.

Mapatano kama ya Mai-Ndombe hulipa baada ya matokeo kupimwa. Je, mkulima atakula nini wakati wa kungoja? Tena macho ya wafadhili yamezoea kuelekea misitu mikubwa ya ikweta, na miombo ya Haut-Lomami yaweza kusahauliwa. Walakini mwombo una wema wake: ukikatwa, kisiki huchipua tena, mradi moto usiupitie na watu waupe muda wa kupumzika.

Tufanye nini?

Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 yairuhusu jamii ya mahali kupewa hati ya msitu wake, hadi hekta 50,000, bila ya kikomo cha miaka. Kijiji chenye hati kina neno la kusema. Kijiji kisicho na hati, wengine watasema kwa niaba yake, na kupokea kwa niaba yake.

Kwa hiyo, mradi wowote ukifika, wazee na akina mama wakae pamoja, waulize mambo manne. Ni zawadi au mkopo, na nani atalipa? Msitu utabaki wa nani? Kijiji kitapata sehemu gani, na lini? Hesabu itasomwa wapi, na kwa lugha gani?

Nanyi wanafunzi, kazi yenu ni hiyo ya mwisho. Jifunzeni hesabu na Kifaransa vizuri, ili karatasi ikiletwa kijijini, baba na mama zenu wasitie dole gumba juu ya maneno wasiyoyajua. Deni la moshi ni la haki. Lakini mdai asiyejua kusoma hati hulipwa anachotaka mdaiwa.